Dawa ya Nakunda

Mamba, Jumanne, 14 Mei

Leo tena ni habari za Nakunda, mdogo wangu. Hata kabla Mama Mchungaji hajakaa, mama akaanza: "Mdogo wake huyu yuko chuo Dar, anatengeneza dawa ya mguu wangu!" Mimi nimepiga magoti hapohapo, naosha kidonda cha mguu huohuo, kama kila siku tangu Krismasi.

Sentimita sita, hakijapungua. Dawa za aina tatu zimeshindwa. Daktari wa Same anasema bakteria hawa ni sugu, na wakifika kwenye mfupa mguu utakatwa.

Jioni Nakunda akapiga simu. Kuna virusi vinavyoshambulia bakteria, akaniambia, na kimeng'enya, yaani protini ya virusi hivyo, hutoboa ukuta wa bakteria mpaka anapasuka. Anaeleza vizuri, nakiri.

"Basi ilete."

"Dada, bado tunaijaribu maabarani tu. Kwa watu, bado kabisa. Usimwambie mama."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa muda mfupi nilifurahi kwamba na yeye hawezi.

Mama akaita kutoka chumbani, "Amesema inakuja lini?"

"Anakusalimia sana, mama," nikajibu.