Sura ya Mama Kwenye Chupa

Jumamosi, 8 Machi 2025

Nimepika pilipili tangu asubuhi, sufuria tatu. Jirani wa juu kagonga sakafu tena, eti inamkohoza. Pole yake! Bon, habari kubwa: nimempata wakili Muscat. Anaitwa Bi Zuwena, Kiswahili chake kitamu mpaka naona haya kufungua mdomo. Ataniandikishia alama ya biashara huko Oman: jina "Pilipili ya Mama Nabintu", pamoja na sura ya mama pale kwenye chupa. Ile picha ya kadi ya kura ya Uvira. Hatuna nyingine.

Wateja wangu kule ni wale Waomani waliozaliwa Bujumbura na Bukavu. Wakiionja wanalia, si kwa ukali tu. Anayewauzia ni Salvatori, dereva huko, jirani yetu wa zamani kambini Nyarugusu. Mtu wetu kabisa.

Jumatano, 12 Machi

Ee Mungu wangu. Nimesikiliza sauti ya Bi Zuwena mara nne kwenye pakingi ya kazini, breki ya chakula imeisha sijala. Alama imeshaombwa! Jina lile lile, sura ile ile, imetangazwa mpaka kwenye gazeti la serikali. Aliyeomba: Salvatori. Asipopingwa hadi tarehe 31, imekuwa yake. Halafu mimi nikituma chupa zangu, forodha watazizuia kama bandia. Bandia – mama yangu!

Nimempigia Salvatori mara sita. Hapokei.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimefurahi saa mbili nzima kama mjinga. Bi Zuwena kasema sheria ya huko hairuhusu kuandikisha sura ya mtu bila ruhusa yake, na kama ni marehemu, bila ruhusa ya warithi. Donc, yaani mimi! Si wewe ni mwanawe, kasema, basi niletee cheti tu, mwanangu, tumalize. Nimecheza jikoni peke yangu.

Kisha nikafungua bahasha ya makaratasi. Karatasi ya kambi – mama: Fides, si Nabintu. Ya kuingia Amerika – mama: Fides. Ya uraia – Fides. Nimekaa chini, palepale kwenye vigae.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani sikusikia neno. Acha niandike, labda kichwa kitatulia.

Tulipokimbia Uvira mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Gaël, mdogo wangu, alikuwa na homa, hawezi kutembea. Mama akabaki naye. Tungekutana ng'ambo ya ziwa. Hatukukutana, na mwaka uleule mama akafariki. Mimi nilivuka na Mama Mdogo Fides, mdogo wake mama. Karani wa kambi akamwonyesha kwa kalamu, akaniuliza: huyu ni mama yako? Nikasema ndiyo. Sasa kwetu mama mdogo ni nani kama si mama? Ningemwita nani? Hakuna aliyedanganya! Lakini nimweleze nani hapa.

Gaël alikuja miaka mingi baadaye, kupitia Nairobi, na faili lake peke yake. Kwake waliandika Nabintu. Kwa hiyo kwa karatasi mama yangu alizaa mtoto mmoja tu.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia Gaël, Columbus. Nikamwambia mdogo wangu, ni wewe utatuokoa, saini tu. Akajibu kwa sauti ndogo: Yaya, dada yangu, mimi nilishasaini.

Mwezi wa kwanza. Salvatori alimtumia karatasi ya ruhusa, kwa Kiingereza, akamwambia dada yako anajua, tunamsaidia kuandikisha. Hakusoma. Mtu aliyekula chungu kimoja na dada yako kambini, utasoma karatasi yake? Utaanzaje? Hata mimi nisingesoma. Lakini nimemtukana Gaël, nimemtukana vibaya. Analia, mwanaume wa miaka thelathini. Nikakata. Nikampigia tena kuomba msamaha.

Bi Zuwena anasema Gaël kulalamika peke yake haitoshi. Atafutwe mrithi wa pili, aape kwa muhuri kwamba yeye hakuulizwa. Kaniuliza: si upo wewe?

Nipo. Sipo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemuuliza Bahizire wa kanisani, anayesaidia watu makaratasi. Kasema usiguse! Ukiapa kwamba mama yako ni Nabintu, umeapa kwamba Amerika uliiambia uongo, wewe na Fides. Na Mama Mdogo bado hana uraia. Usaili wake ni tarehe 3 Aprili, Buffalo. Tarehe tatu!

Siwezi kitu. Nimebandika lebo chupa arobaini, sura ya mama arobaini, zote zinanitazama.

Jumamosi, 22 Machi

Mama Mdogo kapiga mwenyewe kutoka Buffalo. Gaël kamwambia, mdomo wake ule! Nyuma yake nasikia mjukuu anamsomesha maswali ya uraia kwa Kiingereza, yeye anamnyamazisha. Kasema: andika. Ile ni sura ya dada yangu, hawezi kuwa wa Salvatori. Mimi nilikushika mkono tu kuvuka, mama yako ni yule, andika kweli.

Kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza saa ya basi: wakinirudisha, watanirudisha wapi?

Akasema haya, kula vizuri.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nimekuja benki, kuna mama wa kugonga muhuri wa viapo. Karatasi ya Bi Zuwena ninayo, nimejaza kila kitu isipokuwa ule mstari: uhusiano wako na mtu wa kwenye picha. Nimeleta na chupa moja, sijui kwa nini. Nimeiweka mezani.

Yule mama ni mwema. Kaigeuza chupa, kaitazama sura, katabasamu, kaionyesha kwa kalamu. Huyu ni mama yako?

Nimemwambia naomba kwenda chooni. Ndiko ninakoandikia haya, daftari kwenye magoti. Robo saa sasa. Amekuja mara moja kugonga mlango, kauliza kama niko sawa. Nimesema ndiyo.

Chupa nimeiacha kule mezani kwake. Wananingoja wote wawili, yeye na mama yangu.