Askari Wangu Saba

Chumba cha kushonea,
Nyuma ya duka la madaftari.
Jumatatu, 10 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kifua kimeacha kukusumbua, au bado unalala dirisha wazi kwa ubishi wako? Sisi tu wazima. Mama hajambo kabisa. Goti limepona, na siku hizi anapanda ngazi hata pasipo na sababu, ili majirani wamwone.

Cherehani yangu nimeitia mota, miguu imestaafu. Kazi ni nyingi, na kubwa kuliko zote ni ya hapa nyumbani: binti wa kaka yetu Koleo anaolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Nilijua utaisikia habari hii kwangu kwanza, maana ndugu yako hakuandikii wala wewe humwandikii, mwaka wa tatu huu.

Kaka, hapo ndipo nilipo na neno.

Unaikumbuka ile alasiri kabla hujasafiri? Mlitandaza ubao wa mchezo wetu wa vita vya dunia juu ya meza yangu ya kukatia, na mimi mziwanda mkanipa nchi isiyo na upande, kama tangu utotoni. Askari saba, kazi yao kukaa tu. Atakayewakanyaga kwanza, wanahamia kwa adui yake. Kwa hiyo miaka yote hiyo hakuna aliyenigusa, nami nilikuwa nashona vifungo vyangu kwa amani. Siku hiyo wewe, raundi ya kwanza tu, ukapitisha vifaru vyote juu yangu. Koleo akawaka. Akasema ndivyo ulivyo, unapita juu ya watu, hata Mama mgonjwa unamruka unakwenda zako. Nawe ukamjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Mkaachana bila kuagana.

Tangu hapo kila mmoja ananililia mimi, anataka niseme nani mkosa. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi hizi hakuna aliyeziuliza kitu. Basi najibu bila kuulizwa. Wale askari walikuwa wangu, na nilikusamehe kabla hujafika mlangoni. Na kuhusu Mama, ni mimi niliyekusukuma uende, nikakuambia nitamuuguza. Koleo hakulijua hilo. Nilinyamaza miaka mitatu nikijisifu kwamba sina upande, kumbe ulikuwa woga mtupu. Nisamehe, Kaka. Juzi nilipiga moyo konde nikamwambia yote.

Kuna na jingine, na hili aliniapisha nisikuambie. Kila Jumamosi akitoka kwenye kazi yake ya mabomba anakuja hapa, mikono inanuka gundi, anatandaza ubao na kucheza peke yake. Anakucheza wewe! Anakalia stuli yako, anakuna kidevu kama wewe, anapitisha vifaru kwenye nchi yangu, halafu anahamia upande wa pili kujihami. Mimi najifanya nahesabu vifungo. Mwanzoni alitaka kuonyesha kwamba ule mwanzo wako ni upumbavu. Amejaribu kurundika askari mpakani, amejaribu kuanza na manowari, hata makao makuu aliwahi kuyaacha wazi kama chambo. Kila mara unamfikia raundi ya tatu, kabla saba wangu hawajamfaa kitu. Mwezi uliopita nilimsikia akiuambia ubao: “Lijinga lile lilikuwa sahihi.” Nililia, nikasingizia vumbi la kitambaa.

Juzi nilipomaliza kuungama, aliokota tambara sakafuni. Alifuta spana yake, akaifuta tena, akatoka. Nikajua sasa nimewapoteza kaka wote wawili. Sikulala vizuri siku mbili.

Leo asubuhi kaja na kitambaa cha suti, bluu iliyoiva, vipande vitatu. Kimoja chake, kimoja cha bwana harusi. Nikamuuliza cha tatu ni cha nani. Akatazama ukutani.

“Wewe kata tu. Ila kiunoni mwachie nafasi, lazima kanenepa huyo.”

Kwa hiyo nitumie vipimo upesi: mabega, kifua, mkono, urefu wa mguu, na kiuno, na hicho kiuno usinidanganye. Siwezi kukata suti ya mtu kwa kukisia, na sindano ya kwanza nataka kuipitisha wiki hii. Kaka, njoo. Nakuomba kwa mapenzi yote niliyo nayo.

Mama anakusalimu na anasema ufunge dirisha. Bibi harusi anamsalimu baba yake mkubwa. Mungu akulinde njiani na akufikishe salama kwenye meza hii.

Koleo hajatuma salamu. Amesimama hapo mlangoni, na ameshaniuliza mara mbili posta inafungwa saa ngapi.

Wako akupendaye daima,
Mziwanda wenu