Nikisema, Nafasi Yake Itakuwa Yangu

Mpendwa Bi Arlene,

Naomba unisaidie kupitia safu yako ya ushauri gazetini, maana sina mwingine wa kumwambia, baba siwezi, kocha siwezi, na nikiendelea kunyamaza sijui nitakuwa mtu wa namna gani. Mimi ni mrushaji wa akiba wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo chetu, huu ni mwaka wangu wa nne na wa mwisho, na katika miaka yote hiyo nimeingia uwanjani mara nne tu, watu wakiwa wameshaanza kutafuta magari yao. Mrushaji wa kwanza ni Keelan, ambaye pia ninaishi naye chumba kimoja, na kila Jumamosi asubuhi wazee wanatulinganisha kwenye mgahawa wa kona wakila chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharagwe, na mikate ya mdalasini, kwamba Keelan anarusha yadi hamsini kasimama tu, yule mwingine mkono wake ni wa kurushia watu magazeti mlangoni, Keelan anafikisha mipira saba katika kila kumi, yule mwingine apewe kiti apumzike, na wanayasema haya mimi nikiwa meza ya pili, nami nacheka nao kwa sababu ni kweli, yeye ni bora kuliko mimi, na hilo sibishani nalo.

Kila Agosti, kabla ya msimu, tabibu wa timu anatukalisha mbele ya kompyuta, tunakariri maneno, tunakumbuka maumbo, tunabonyeza kitufe haraka, na matokeo yanahifadhiwa ili mtu akigongwa kichwa apimwe tena na kulinganishwa na alivyokuwa mzima. Sasa sisi wachezaji tuna ujanja wetu ambao wakubwa wanawarithisha wadogo, ule wa kufanya vibaya makusudi mwezi wa Agosti, unajifanya umesahau, unabonyeza polepole, ili siku ukiumia uonekane uko sawa na usiondolewe kwenye mechi. Keelan alipokuja miaka miwili iliyopita mimi ndiye niliyemfundisha, nikiona namfanyia wema, na hakuna aliyewahi kunishukuru kama yeye.

Wiki tatu zilizopita aligongwa helmeti kwa helmeti, akaanguka, akainuka na kuanza kutembea kuelekea upande wa wapinzani, wenzetu wakacheka, na Jumapili akapimwa akafaulu, tena akazidi matokeo ya Agosti. Lakini mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja, Bi Arlene. Mapazia hayafunguliwi, anatapika asubuhi, juzi aliniuliza mara tatu kama mama yake amepiga simu, na jina la dada yangu limempotea wakati alikula naye sikukuu ya Shukrani mwaka jana kwetu na kumtania usiku mzima. Kazi yangu siku ya mechi ni kusimama pembeni na kumpelekea maagizo ya kocha kwa ishara za mikono, naye ananitazama tu kama mtu aliyesimamishwa barabarani na mgeni, basi nimemwandikia mipango yote ya mchezo kwa herufi kubwa kwenye mkanda anaovaa mkononi, na kila nikitoa ishara naongeza vidole kumwonyesha asome mstari wa ngapi, na tumeshinda mbili hivyo, na gazeti lenu likaandika kwamba Keelan siku hizi ametulia na amekomaa.

Wiki hii nilimwambia kwamba nitasema. Alikuwa amelala na taulo usoni, hata hakuliondoa. Akaniambia, "Sema basi, kaka. Si ndicho ulichokuwa unakingoja miaka minne?"

Nilitoka nje, kwa sababu alipoanguka siku ile, Bi Arlene, kabla sijaogopa nilikuwa nimeshavaa helmeti yangu. Sikumbuki kuichukua. Na baba yangu anaendesha gari kwa muda wa saa tatu kuja kila mechi, hata wakati huu wa kuvuna mahindi, anakaa kiti kilekile akiwa na jezi ya namba yangu, na baada ya mechi iliyopita alinishika bega akasema, "Yule siku moja ataumia tu, mwanangu, wewe kaa tayari," na tangu hapo nashindwa kumtazama machoni. Zimebaki mechi mbili. Nikisema, nafasi ya Keelan itakuwa yangu na mji mzima utaniita nyoka, na mimi mwenyewe sitajua kama nilisema kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nikinyamaza unajua mwenyewe. Nifanye nini?

Wako,
Mwenye Helmeti Mkononi

*

Mwenye Helmeti,

Pole. Nimekuonea huruma nilipokuwa naisoma barua yako, na nilipoimaliza nilikuwa nimekukasirikia.

Tuanze na stempu. Ofisi yetu inatazamana na uwanja wenu. Ungeweza kuvuka barabara. Wewe ukaipeleka barua posta, nikaipata Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya mechi. Nadhani moyoni ulitaka nichelewe kukujibu, mechi ipite, halafu ujiambie kwamba ulijaribu. Usinifanyie hivyo, wala usijifanyie.

Unaniuliza kama wewe ni nyoka. Mimi sijui, na leo swali hilo si muhimu. Ulivaa helmeti kabla ya kuogopa, sawa, kocha amekufundisha hivyo miaka minne. Sasa unataka moyo wako utakate kwanza ndipo ufungue mdomo. Huenda usitakate kabisa, na kichwa cha Keelan hakiwezi kukungoja. Unaweza kuitamani nafasi yake na bado ukasema kweli. Yote mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja, nami nimeyaona mara nyingi.

Kaka yangu Orrin alikuwa mlinzi wa timu hiyohiyo yenu. Alikuwa na rafiki wa chumbani, mtu mwema sana, aliyemfichia maumivu ya kichwa misimu miwili kwa sababu ya urafiki. Orrin ana miaka hamsini na nane. Nimembandikia majina kwenye makabati ya jikoni ili ajue vikombe viko wapi. Rafiki yake bado anatuletea kadi kila Krismasi, na mimi bado sizifungui.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwa tabibu, usiende kwa kocha, maana kocha ana mechi kesho. Mwambie kuhusu mapazia, matapishi, jina la dada yako na vidole vyako. Kisha mwambie habari ya Agosti, na hapa usijifiche nyuma ya "wakubwa walitufundisha". Sema ulimfundisha wewe. Matokeo ya timu nzima ni uongo, na huenda kuna wengine wanaotapika vyumbani mwao. Ukitoka hapo mpigie mama yake Keelan. Anadhani mwanawe anaishi na mtu anayemwangalia.

Keelan atakuchukia. Wazee wa mgahawani watakusema mpaka theluji iyeyuke, nao nawajua, hawana kazi nyingine. Vumilia. Na ukiambiwa ucheze kesho, cheza. Usijifanye mtakatifu kwa kukataa, ukamwacha mtoto wa mwaka wa kwanza aingie avunjwe mbavu ili wewe ujisikie vizuri. Cheza vibaya kama ndivyo uwezo wako ulivyo. Baba yako atakutazama kutoka kiti kilekile, na safari hii mtazame.

Hukuandika jina wala namba ya simu, kwa hiyo sikuwa na njia ya kukupata ila hii. Jina la mwenzako nimelibadilisha kwa adabu tu, maana mji wetu una warushaji wawili na kila mtu anawajua. Gazeti hili hufika milangoni saa kumi na mbili asubuhi. Tabibu wenu hulisoma akinywa kahawa, na saa moja na nusu hufungua chumba chake. Kama unayasoma haya ukiwa kitandani, amka uwahi mlango wake. Mimi nimeshasema. Kilichobaki ni kama na wewe utasema.

Bi Arlene