Sukari ya Baba na Kitambi Changu

Mama,

Ko! Ko! Ko! Kijiko kikigonga kikombe ndicho kilichoniamsha. Kumbe ni Baba, yuko gizani jikoni, anakoroga chai utadhani anachanganya zege kule kwenye ujenzi wake. Na daktari alishamkataza sukari, akamwambia atembee! Nikawasha taa. "Mzee, hiyo chai au saruji?" Akacheka, kisha akanichoma: "Wewe malenga, tangu uanze kukaa na vina vyako umeota kitambi. Nani wa kumwonya mwenzake hapa?"

Mimi, kitambi! Imeniuma, Mama.

Maji ya kunywa nimechemsha, utayakuta ukirudi. Kwenye mboga usizidishe chumvi. Sukari nimeificha ~~nyuma ya unga~~ sikwambii, utamhurumia. Ndani ya kopo tupu la sukari nimemwachia mistari hii:

Sukari imehamia, usiitafute Baba,
Miguu inalilia, mwendo mfupi si haba.

Anasema anaona haya kutembea peke yake, kama mtu aliyepotea. Sasa yuko mlangoni, viatu kavaa, na nimemwahidi kwa sauti mpaka jirani kachungulia: "Baba, wewe achana na sukari, nami kila asubuhi nitatembea nawe hadi kazini, mpaka hiki kitambi kituage!"

Kifungua mimba wako