Nilikifunika Kimya cha Ibada, Lawama Akabeba Mpiga Kinanda

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu na unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, kwa maana maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia, mke wangu nikimwambia atanitazama kwa lile jicho lake, na mchungaji ndiye hasa ninayemkimbia. Mimi ni fundi wa redio, nina kibanda kati ya fundi viatu na duka la simu, natengeneza redio, feni, pasi, spika, chochote chenye waya, na Jumapili ndimi ninayekaa nyuma kabisa kanisani kwetu kwenye meza ya mitambo ya sauti, nimevaa hedifoni, kazi niliyoifanya miaka kumi na moja bila kukosa isipokuwa ile Jumapili niliyougua macho.

Nianze na aibu ndogo ndipo nifike kwenye kubwa. Katika miaka hiyo kumi na moja nimekuwa ndani ya ibada lakini sijasali, nasikia kila kitu na sisikii kitu, nikikuambia ni mzee gani wa kanisa humeza maneno ya mwisho na ni mwimbaji yupi huvuta pumzi kwa kelele utashangaa, lakini ukiniuliza mahubiri ya juzi yalihusu nini nitabaki kujikuna kichwa. Siku moja tukirudi nyumbani mke wangu aliniuliza neno la leo nimelionaje, nikamjibu kwamba leo sauti ilitoka safi sana, akasimama pale pale barabarani akasema, "Nimekuuliza ya Mungu, unanijibu ya spika." Tulicheka wote, mimi nikacheka zaidi ili yaishe.

Sasa sikiliza. Mchungaji wetu alianzisha jambo jipya, kwamba Jumapili ya mwisho wa kila mwezi, baada ya nyimbo, kanisa zima linyamaze, hakuna kinanda, hakuna kuomba kwa sauti, watu wamngoje Mungu tu, na yeyote atakayesukumwa moyoni kusema neno, iwe toba au shukrani au hata malalamiko, asimame aseme. Alitutangazia wiki mbili kabla ili tusije mikono mitupu, tuje tukitarajia, neno lake lilikuwa hilo, tukitarajia. Wenzangu wakafunga na kuomba. Mimi nilijiandaa kwa kununua betri mpya, nikasimamisha maiki tatu kati ya mabenchi ili atakayesimama asikike, moja ikiwa karibu na benchi la nne upande wa dirisha.

Na dada yangu alikuja. Huyu ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa kazini, alimzika mwanawe wa pekee miaka tisa iliyopita na tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani, si kwa ugomvi na mtu, alisema tu kwamba hana la kuongea na Mungu. Nilimbembeleza mimi mwenyewe, nikamwambia dada, siku hiyo hata kuimba si lazima, unakaa tu. Akaja, akakaa benchi la nne, pale pale dirishani.

Kimya kikaanza. Mshauri, hujui kimya kinavyomfanya mtu wa kazi yangu. Watu wananiletea redio kwa sababu moja, kwamba imenyamaza, kwa hiyo kwangu kimya ni ugonjwa, nikikisikia mkono unakwenda wenyewe kutafuta waya uliokatika. Nusu dakika ikapita, nikakagua nyaya. Dakika ikapita, nikagonga hedifoni kwa kidole. Mtu akakohoa, benchi likalia, zikawa dakika mbili, vidole vikaanza kuniwasha, na hapa ndipo penye aibu yenyewe, naomba usiniwekee maneno mazuri: sikufanya kwa kusahau. Nilijua kabisa kwamba ni kimya cha kumngoja Mungu. Ila nilizitazama zile shingo zote zimeinama nikaona aibu kwa niaba ya Mungu, kama vile kwenye sherehe mgeni rasmi asipotokea na watu wameshakaa, basi mshereheshaji anaweka muziki ili isionekane. Simu yangu ina rekodi ya kinanda ambayo huwa naitumia kwaya ikichelewa kujipanga. Nikaiwasha, nikaipandisha polepole.

Ndipo nikainua macho nikamwona dada yangu amesimama. Ameshika benchi la mbele yake kwa mikono miwili, mdomo uko wazi. Muziki ulipomfikia aliitazama spika iliyo ukutani, akafunga mdomo, akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Nilizima, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Watu wakageuka kumtazama mpiga kinanda. Ni mwalimu mstaafu, tunamwita Mwalimu tu, ana miaka sabini na moja na masikio yake si ya zamani, muda wote ule alikuwa amefumba macho, mikono iko juu ya kinanda, ambacho sauti yake nayo hutokea kwenye spika zile zile, na rekodi ile niliyoiwasha ni ya mikono yake mwenyewe, nilimrekodi mimi siku moja ya mazoezi. Baada ya ibada mchungaji alimuuliza taratibu, nami nikiwa hapo hapo. Yule mzee akaigeuza mikono yake akaitazama, akasema, "Siku hizi mikono hii inafanya mambo bila kuniuliza. Nisamehe, Mchungaji." Anaomba msamaha kwa kosa langu, mimi nimesimama pembeni nakunja waya. Nikaukunja ule waya vizuri sana.

Alasiri nikaenda kwa dada. Nilimkuta anakunja nguo alizoanua, hakuniangalia. Akasema, "Miaka tisa sina neno la kumwambia Mungu. Leo nilikuwa nimelipata, mdogo wangu. Lilikuwa hapa." Akagusa koo. Kisha akasema yule mzee wa kinanda aambiwe apumzike, na mimi, mshauri, nikasema ndiyo dada, amezeeka.

Sasa wazee wa kanisa wamekaa, wameamua Mwalimu apumzike kweli, na kuanzia Jumapili ya mwisho wa mwezi huu ni mimi nitakayekuwa naweka muziki kutoka kwenye simu, yaani rekodi ile ile. Wamenipongeza kwa kukubali. Jumanne mzee alikuja mwenyewe kibandani kunikabidhi daftari lake la nyimbo, ameandika kwa mwandiko wa ubaoni kila wimbo uanzie wapi, akakaa kwenye kistuli cha wateja akaniomba nisiwe napandisha sauti sana kwenye nyimbo za toba, na mimi nilishindwa hata kumkaribisha maji. Natamani ardhi ipasuke inimeze. Je, nikiacha kazi ya mitambo nikahamia kanisa jingine polepole, jambo hili litaniacha? Au kuna njia ya kumrudishia mzee heshima yake bila jina langu kutajwa? Na la mwisho, ambalo hata kuliandika naona haya: hivi yule Mungu tuliyekuwa tunamngoja, angekuja kweli?

Ni mimi, Fundi wa Meza ya Nyuma.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Tumalize kwanza maswali yako mepesi. Kuhama kanisa, hapana. Utahama na vidole vyako hivyo hivyo, na huko nako wana spika. Kumrudishia mzee heshima bila jina lako kutajwa, hapana tena, na nakushangaa kwa kuuliza. Jina lake yeye halikufichwa. Mzee wa watu ameanza kuitilia shaka mikono aliyoitumia maisha yake yote, kila akiitazama anaona uzee, na dawa ya ugonjwa huo unayo wewe mfukoni, unatafuta namna ya kumpa bila kuonekana. La kuwasha muziki nalielewa. La kukunja waya sina utetezi nalo. Na pale ulipomwambia dada yako "amezeeka" niliifunga barua kwanza nikaenda kuchemsha chai.

Nimeshakugombeza, sasa kaa. Hiyo aibu inayokuchoma si adui yako, ni dalili kwamba bado uko hai. Mimi mwenyewe nilikaa miaka mingi benchi la mbele na orodha ya vitu vya sokoni ndani ya kitabu cha nyimbo, na nilikuwa naiongezea wakati wa maombi, kitunguu, sabuni, kiberiti. Nilijulikana kama mama wa ibada. Hakuna aliyenishika, ndiyo maana nilichelewa sana kupona. Wewe aibu imekushika mapema, shukuru.

Kosa lako halikuanza kwenye simu, lilianza kwenye betri. Sisemi betri si muhimu. Lakini wenzako walijiandaa kukutana na mtu, wewe ulijiandaa maiki zisizime. Miaka kumi na moja unapanga viti vya mgeni na hujawahi hata siku moja kuchungulia mlangoni kama anakuja, ndiyo maana aliposubiriwa dakika mbili tu ukatangaza kwamba hayupo. Halafu unaniuliza kama angekuja. Fundi, si ulimwona dada yako amesimama? Mtu aliyekaa miaka tisa bila neno alilipata neno ndani ya dakika mbili, bila kuimbiwa, bila kuhubiriwa, katikati ya watu wanaokohoa. Unadhani alilitoa wapi? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulikuwa umeshafika benchi la nne. Mgeni rasmi alikuwa ndani, wewe ulikuwa unakagua nyaya.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma hapa funga kibanda, hata kama pasi ya mtu iko wazi mezani, uende kwa Mwalimu. Nenda kwa miguu, usipige simu. Mrudishie daftari lake. Usianze na habari za mambo kuwa mengi na shetani kukupitia, shetani hana simu yenye rekodi ya kinanda. Mwambie, "Mikono yako haikufanya kitu. Ni mimi." Kisha nyamaza. Umwache aseme au asiseme, akusamehe au akufungulie mlango utoke. Kimya hicho kitakuwa kirefu na kitakuwasha kuliko kile cha kanisani, nawe hutakijaza na chochote.

Kutoka hapo pitiliza hadi kwa mchungaji, umwombe nafasi ya kusema mbele ya kanisa, kwenye maiki, kwa sababu mzee alitazamwa na watu wote na asafishwe mbele ya watu wote. Mficha uchi hazai. Waliokupongeza watakasirika, waache, wana haki hiyo. Mkeo naye mwambie kabla hajalisikia kwenye maiki, na lile jicho lake ulivumilie, naamini limekuona siku nyingi.

Kwa dada yako usiende na ombi la kumrudisha kanisani. Ulishamwita mara moja na ukamfanyia vile. Nenda na ukweli peke yake, wa kinanda na wa "amezeeka". Huenda akakaa muda asiseme na wewe. Akikufungulia mlango, msaidie kukunja nguo na usiulize lile neno lilikuwa nini, maana hukuwa wewe uliyekuwa unaambiwa.

Na Jumapili yenyewe, fika saa nzima kabla ya watu. Unganisha nyaya zako, jaribu maiki zako, kisha vua hedifoni, toka kwenye hiyo meza ukakae benchi lolote la katikati kanisa likiwa tupu. Usitafute maneno ya kupendeza. Sema tu, nimekaa nyumbani mwako miaka kumi na moja na sikukutarajia, leo nakutarajia, nisaidie nisikimbie. Halafu ukae hapo kidogo, uone inavyokuwa kukaa mahali bila kuparekebisha. Sikuahidi kwamba utasikia kitu siku hiyo. Kumngoja Mungu si kama kungoja mteja aje kuchukua feni yake kwa saa mliyopatana. Wewe kuwepo ndiyo kazi yako, kuja ni kazi yake.

Kimya kikianza, simu iwe kwenye mkoba wa mkeo na wewe uwe umeikalia mikono yako. Mtu akikohoa, ikalie. Benchi likilia, ikalie. Ikifika dakika ya pili na ukaanza kumwonea Mungu aibu, ikalie zaidi, kwa maana yeye hakukuomba umsitiri.

Ila kuna jambo moja la ufundi nakuruhusu. Kabla ibada haijaanza, nenda kwenye ile maiki ya benchi la nne, upande wa dirisha. Iwashe, hata kama hakuna mtu aliyekaa pale, na uiache wazi.