Mama, Kumbe Ni Wewe Uliyekuwa Ukinibishia

Mpendwa Mama,

Ulisema niwaeleze mimi, kwa kuwa wewe huna muda wa maswali ya watu. Tangu siku ile, kila nikifungua kijiwe chetu cha mtandaoni nakuta mtu ameuliza: ilikuwaje? Kweli Fundi Mstaafu ni mwanamke? Kweli ni mama yake Nyundo? Basi naandika hapa hapa, mbele yao wote, lakini nasema na wewe, maana mengine hata wewe sijakuambia.

Unakumbuka simu zetu nilipohamia Kigali? Ulikuwa ukipiga Jumapili ukitoka kanisani. "Umekula?" Nimekula, Mama. "Kazi?" Inaendelea. "Huko mvua ipo?" Ipo kidogo. "Haya, Mungu akulinde." Kisha kila mmoja akamsubiri mwenzake akate. Baada ya Baba kufariki zikazidi kuwa fupi. Hatukuwa tumekosana. Tulibaki wawili tu, wewe Nairobi na mimi huku Kigali, mtaa wa Nyakabanda, na nadhani kila mmoja aliogopa kumtwisha mwenzake mzigo.

Nikishakata simu nilikuwa namwambia mwenye nyumba wangu, Mama Hadija, kwamba mama yangu ni mtu wa maneno machache. Yeye hushona nguo barazani na hapitwi na jambo. Siku moja alinitazama juu ya miwani akasema, "Mama ya maneno kidogo haiko. Iko mama yenye hawajamuuliza kitu." Nikacheka. Sikumwelewa.

Maneno yangu mimi nilikuwa nayamalizia kijiweni. Wenzetu mnaosoma mnajua, lakini acha niwaeleze wageni: ni kundi la watu wa Nairobi, Dar, Bukavu na hapa Kigali, tunaookota habari za teknolojia na kubishana kwa Kiswahili. Utani ruksa, matusi marufuku. Mimi nashinda Masoro, kwenye kiwanda cha kuunganisha pikipiki za umeme, nikikagua betri. Mchana wenzangu wakienda kula, mimi nilikuwa nakula huku nabishana. Jina langu humo ni Nyundo.

Ndipo akaja huyu Fundi Mstaafu. Hakuna aliyejua katokea wapi. Alikuwa akiandika polepole, akiweka nukta mbili mbili mwisho wa sentensi, na akikuchoma ulikuwa unaona haya na kucheka kwa pamoja. Wote tulimwita Mzee. Hakukanusha hata siku moja.

Unaikumbuka ile habari ya mbeleko, Mama? Kampuni fulani ya ng'ambo ilikuwa imesajili hataza, ile haki ya mbunifu kuwazuia wengine wasiige kazi yake, na kilichosajiliwa ni kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni. Kijiwe kiliwaka moto. Mimi, kama kawaida yangu, nikajitia uwakili. Nikaandika kwamba watu wasome vizuri kabla ya kulia. Kimsingi kampuni haikudai kanga, imedai kishikizo kinachofunga kanga kifuani, na kishikizo hicho kimsingi ni kipya.

Ukanijibu: "Sawa, Nyundo. Kishikizo ni chao.. Na mgongo je, waliununua wapi.."

Watu wakacheka mpaka mwenzetu mmoja wa Bukavu akaandika, "Mzee, weye utatuua leo!" Nami sikukubali. Nikasema sheria haiulizi nani ana uchungu, inauliza nani alitangulia kusajili, na bila hataza hakuna atakayehangaika kubuni kitu. Ukasema basi kesho unakwenda kusajili goti lako la kushoto, kila atakayepiga magoti kanisani akulipe. Nikakuuliza mbona la kushoto. Ukasema la kulia limeshaliwa na baridi yabisi, haliuziki.

Kisha ukaacha utani. Uliandika kwamba zamani ulipokuwa kazini, mkitengeneza laini za simu, ulikunja spoku ya baiskeli ukapata chombo cha kuvutia nyaya zilizokwama ndani ya bomba. Wenzako wote wakakiiga, kikaenda mpaka mikoani, na leo hakuna anayejua kilitoka mkononi mwa nani. "Sikutaka hela.. Nilitaka tu siku moja mtu aseme, hiki alikibuni fulani.. Lakini anayesajili kilichobuniwa na mabibi zetu hana tofauti na aliyenisahau mimi.. Nimefunga duka, ufunguo nimeumeza.."

Kijiko kilibaki hewani, Mama.

Nani mwingine duniani hufunga duka akameza ufunguo? Nimekua nikilisikia neno hilo sebuleni, Baba akitaka kuendeleza ubishi wa taarifa ya habari na wewe umechoka naye. Nikarudi nyuma kusoma yote uliyowahi kuandika. Laini za simu. Goti la kulia. Nukta mbili mbili, kama kwenye salamu zako za Krismasi. Mwenzangu wa kazi akaniuliza kama wali una jiwe, maana nilikuwa nimeacha kutafuna.

Sikukuambia kwamba nimekujua. Niliogopa utaona haya na kutoweka, nami ndiyo kwanza nilikuwa nimekupata. Miaka yote ile sikuwahi kusikia habari ya spoku. Nilijua mama yangu alikuwa fundi wa simu, kama mtu anavyojua jina la mtaa wake. Kumbe kulikuwa na mtu mle ndani, mwenye hasira zake na vichekesho vyake. Basi nikawa nakuchokoza makusudi. Nilipinga hata niliyokubaliana nayo, ili uandike tena.

Halafu yakaja maandamano huko kwenu. Kijiweni kila mtu akawa mchambuzi. Mimi niliandika kwamba kelele za mtandaoni hazijazi sufuria, na kwamba vijana wangetumia akili hizo kubuni vitu. Ukanijibu kwamba mtoto asiyelia hudhaniwa ameshiba. Nikakuuliza, Mzee, na wewe utatoka? Asubuhi yake ukaandika: "Naenda mjini kununua betri ya saa ya mkono.. Nikikuta watu wanaimba, nitasikiliza.. Masikio hayahitaji kibali.." Watu wakakuwekea vicheko. Mimi pia nilikuwekea. Kisha nikaendelea na kazi.

Kufikia mchana picha zilianza kuingia. Watu wanakimbia, moshi, maduka yanateremsha milango. Nikakupigia. Mteja hapatikani. Nikakuandikia kijiweni, nikikuita Mzee, nikiuliza umepata betri. Ujumbe haukusomwa. Nikapiga tena na tena. Nikamwomba msimamizi ruhusa, nikapanda moto, ndiyo bodaboda ya huku, mpaka nyumbani, na njia nzima jiji lilikuwa limetulia vile lilivyo siku zote, barabara safi, watu wakisubiri taa zigeuke kijani. Utulivu ule uliniumiza. Nilitamani mtu mmoja tu barabarani awe na wasiwasi kama mimi.

Mama Hadija aliniona nikiingia akasimamisha cherehani. "Wewe iko na nini? Unalia?"

"Mama yangu hapatikani. Yuko mjini, na mjini kumechafuka."

Hakuniambia nisijali. Alinivutia kigoda, akanishika bega. "Humura, mwana wanjye," akasema, kwa sauti ya kumtuliza mtoto. "Huko Nairobi iko na nani wa kumtafuta?"

Nikasema sina mtu. Baba hayupo, majirani zako namba zao sina. Ndipo nikatazama simu mkononi mwangu na kuona kwamba ninao watu, tena wengi, ila hawajui wanayemtafuta ni nani. Nikaandika kijiweni: "Jamani, acheni utani kidogo. Fundi Mstaafu ni mama yangu mzazi. Ana miwani, anachechemea mguu wa kulia, alikwenda mjini kutafuta betri ya saa. Simu yake imezimika. Aliye Nairobi anisaidie."

Wa kwanza kujibu alikuwa yule wa Bukavu: "Mzee ni mama??" Na baada yake, kama mlango uliofunguliwa, wakaanza kumiminika. Mmoja alisema yuko karibu na kituo cha basi, ameangalia, hajaona. Mwingine alisema dada yake ni muuguzi, atauliza. Dada mmoja ambaye mimi na yeye tulishambuliana juzi yake kuhusu simu za kukunja, tukaapa kutosemeshana, akauliza: betri ya saa, si ndiyo? Akasema mafundi wa saa wa pale mjini anawajua, mjomba wake alikuwa mmoja wao, atawapigia wote.

Tukakaa. Mama Hadija alikuwa amerudi kwenye cherehani yake lakini hakuwa akishona. Mguu wake ulikuwa juu ya kanyagio, haukanyagi.

Simu ikaita kwa namba nisiyoijua.

"Wewe ndiye umewatuma watu wanitafute kama mbuzi aliyekata kamba?"

Mama, sijui nilitoa sauti gani. Mama Hadija alisimama akapiga makofi mara moja, akasema Alhamdulillahi, akaingia ndani kwake upesi ili nisimwone akijifuta macho.

"Uko wapi, Mama?"

"Niko ndani ya kibanda cha fundi. Ameteremsha mlango, tuko sita humu na chupa ya chai. Simu yangu imekwisha chaji. Mbona unalia? Nimeketi, sina hata mkwaruzo."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Pole, mwanangu. Pole sana." Kisha ukasema: "Fundi hapa ananiambia eti kuna watu mtandaoni wanamtafuta Fundi Mstaafu."

"Ndiyo, Mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile mbeleko."

Ukacheka, na nyuma yako nikasikia watu wengine wakicheka bila kujua kinachochekesha. "Na ukaendelea kunibishia hivyo hivyo? Mimi nilikujua siku ya kwanza. Nani mwingine anaandika 'kimsingi' mara mbili kwenye sentensi moja?"

Kumbe ulikuwa umeniona kabla sijakuona. Nikakuuliza mbona hukuniambia, na jibu lako ndilo lililonifanya nikubali kuandika haya yote hadharani. Ulisema: "Kwenye simu unaniambia umekula. Kule unaniambia unachofikiri. Nikasema acha nikae kule."

Ulifika nyumbani jioni ile. Yule dada wa simu za kukunja alikusindikiza mpaka getini kwako, nanyi mkabishana njia nzima, ameniambia. Sasa sisi ni marafiki, ingawa kuhusu simu zile bado amekosea. Kijiweni wanataka kukuita Mama na wewe umekataa, umesema cheo cha Mzee umekitolea jasho. Wa Bukavu bado anaomba msamaha kwa yote aliyowahi kukuandikia. Mwambie yatosha.

Mama Hadija anauliza utakuja lini. Ameshakupimia kitenge kwa macho, kutoka kwenye picha, na tumegombana naye kuhusu urefu wa mikono. Ukifika stendi ya Nyabugogo usichukue moto, nitakuja kukupokea mwenyewe.

Na mimi ni mzima, Mama. Kwa siku kadhaa baada ya tukio lile nilikuwa nashtuka kila simu ikiita. Sasa imeniisha. Nakagua betri zangu, nacheka peke yangu, wenzangu wanadhani nimepata mchumba. Kuna mzigo niliokuwa nimeuzoea mpaka nikausahau, nao umeshuka.

Barua hii nimeiandika nikijua kwamba kuna aya utaipinga. Pengine ile ya hataza. Utasema sikueleza vizuri hoja yako, nimejipendelea. Ipinge, Mama. Ipinge mbele yao wote, na nukta zako mbili mbili. Mchana ule wote, nikiwa kwenye kigoda cha Mama Hadija, hicho tu ndicho nilichokuwa nikimwomba Mungu: aniachie mtu wa kunipinga.

Nakungoja, kwa mapenzi na kwa hoja,

Bintiyo, Wakesho
Nyakabanda, Kigali