Kipande Namba Kumi na Moja

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo, na wagonjwa wako wa wodini hawajambo? Mimi naendelea vizuri. Nivumilie kwa mwandiko. Mkono wa kushoto bado unajifunza, na yule mtaalamu wa mazoezi amesema nikitaka unyooke niandike barua, basi simu nimeiweka kando.

Nina habari, kaa chini kwanza ndipo usome. Nimekodi kipande cha ardhi kwenye bustani ya mtaa, ile iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto. Kila mtu ana kipande chake, ila bomba la maji ni moja. Changu ni namba kumi na moja. Mwenyekiti ni mzee mmoja aliyestaafu upimaji ardhi. Aliutazama mkono wangu wa kulia unavyoning'inia, akaniuliza, "Mama, nani atakulimia?" Nikamwambia, "Niandikie stakabadhi kwanza, hayo mengine tutaulizana baadaye." Akaandika. Sharti lao ni kwamba kipande kikikaa miezi mitatu bila kuota kitu, kinarudi kwa kamati.

Kimejaa vigae na vipande vya matofali. Nimefurahi kama msichana.

Mama yako


20 Februari

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu ndiyo nyingi.

Barua yako imeniondolea usingizi. Mimi ni muuguzi, Mama. Kazi yangu ni kuwainua watu walioanguka, na wengi wao walianguka wakifanya jambo walilokatazwa. Hujamaliza mwaka tangu upate kiharusi. Umeshona nguo za watu tangu sijazaliwa, hakuna atakayekulaumu ukikaa. Chumba cha huku kwangu bado kinakusubiri. Tafadhali kirudishe hicho kipande.

Mwanao akupendaye


6 Machi

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi pia, tena nalala vizuri siku hizi.

Kupumzika nimepumzika, mama. Miezi minane natazama ukuta mmoja mpaka nyufa zake nazijua. Sasa nikae tena nipumzike na nini?

Nikueleze ninavyofanya. Nakaa juu ya kreti, naokota matofali moja moja natia kwenye ndoo, ikijaa nusu naiburuta. Kijembe kifupi nimekishonea mikanda ya kitambaa, naifunga mkononi kwa meno. Palikuwa na shida ya mbegu za karoti, ni ndogo kama vumbi, na mkono huu wa kushoto unazimwaga zote mahali pamoja. Nikafikiri kama fundi. Nikakata karatasi utepe mrefu, nikaweka alama kwa chaki yangu ya kushonea, nikagandisha mbegu moja moja kwa uji wa unga, hapa hapa mezani, taratibu. Ukikauka naukunja, naenda kuutandika kwenye mfereji na kuufukia. Karatasi inaoza, mbegu inabaki pale nilipoitaka.

Juzi nilianguka. Nakuambia kwa sababu sijawahi kukuficha kitu. Nilianguka kwenye udongo laini, jirani wa namba kumi na mbili akanishika mkono, nikaendelea.

Mama yako


11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumai afya yako ni njema. Sijui, kwa sababu hii ni barua ya tatu tangu uniambie ulianguka, na hujanijibu.

Nadhani najua kwa nini. Niliposoma kwamba umeanguka, nilimwandikia mwenyekiti wa bustani. Nilimwomba akuondolee kipande, aseme ni uamuzi wa kamati, na asinitaje. Niliiposti asubuhi, na kufikia mchana nilikuwa najionea aibu, lakini sikufanya lolote. Kama wameshakiondoa, ni mimi. Nisamehe.

Mwanao


25 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima, usiwe na wasiwasi. Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilitoka kikali, nikakichana.

Nilijua. Mwenyekiti alinipa barua yako mkononi. Akasema, "Hii naona ni ya kwako zaidi kuliko yangu." Ila kwa vile imefika kwa kamati, ilibidi waje kukagua. Wakaja watatu. Karoti zilikuwa zimeota mistari saba, imenyooka kama mshono wa suruali. Mzee akachuchumaa, akatoa tepu yake, akapima kati ya mche na mche, akahamia mstari mwingine akapima tena.

"Nani alikupimia?"

Nikamwonyesha chaki.

Akaikunja tepu, kisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea utepe wa vitunguu. Namba kumi na mbili naye anataka. Sasa Jumamosi nawafundisha.

Kilichoniuma si kuogopa kwako. Kilichoniuma ni kwamba ulizungumza habari zangu na mtu mwingine kana kwamba mimi sipo. Ukiogopa, niogopee mbele yangu. Umekiri mwenyewe kabla sijakuuliza, na hilo nimeliweka moyoni. Chukua likizo, uje uone.

Mama yako


29 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, na mgongo unaniuma kwa zile ndoo ulizonibebesha.

Kuna jambo sikukuambia nilipokuwa huko. Ile Jumamosi nilifika mapema, nikasimama nje ya uzio nikakutazama. Ulikuwa umekaa kwenye kreti, watu watano wamekuzunguka, na mpima ardhi mzima anauliza kama uji wake ni mzito mno. Kisha ukataka kusimama. Ukaweka goti, ukashika kreti, ukavuta ule mguu mzito, ukatulia, ukajaribu tena. Ilichukua muda. Hakuna aliyekukimbilia, wala hakuna aliyeacha kuzungumza nawe. Wote walijua utainuka. Niliyekuwa nimeng'ang'ania uzio ni mimi peke yangu.

Nilikuwa nikijua wewe ni fundi. Sikujua ni fundi wa kiasi hicho.

Kuna mama mmoja wodini kwetu, wa rika lako, naye alipata kiharusi. Kila akijaribu kusimama nilikuwa nambeba kabla hajamaliza. Jana nilisimama kando yake, mikono nyuma, nikangoja. Alitoka jasho, akanitukana kidogo, akafika dirishani mwenyewe. Akakaa pale mchana kutwa akitazama nje, akakataa kurudi kitandani.

Mwanao